Mdeki Usio na Alama: Maisha ya Mzee Royden Haldeman

Ndugu zetu, majirani, wenzetu wa kikosi cha zimamoto na wa chama cha magobori, sisi familia tunawasomea maisha ya mzee wetu, marehemu Royden Kepner Haldeman, na tunayasoma yalivyokuwa, maana mwenyewe alimkataza mkewe kuyapaka sukari, alisema watakaokuja wote wanayajua, na asiyeyajua atayasikia kwenye foleni ya chakula.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, nyumbani kwao katika bonde la Tannery Run, Kaunti ya Potter, hapa Pennsylvania, mtoto wa tatu wa mzee Clayton Haldeman, mkata magogo, na mama Edna, theluji ikiwa imeziba barabara hata mkunga akafika mtoto ameshalia na kunyamaza.

Alianza shule ya msingi hapa bondeni mwaka 1954, akamaliza sekondari Harlow Mills mwezi Juni 1966, na hatutasema uongo mbele ya jeneza, masomo hayakumpenda naye hakuyapenda, ila ile Jumatatu iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, shule ilipofungwa watoto waende kuwinda kulungu, mama yake alikuwa akisema ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo Royden aliamka bila kuvutwa mguu.

Mwezi Julai mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha mbao cha Harlow Mills, akanoa misumeno mpaka alipostaafu mwaka 2010, na tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hilihili la Kilutheri, alifunga ndoa na Verna Stahlnecker, huyu mama mnayemwona mbele hapa, wakajaliwa watoto wawili, Lorene aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1973, na Galen aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1978.

Mambo ya gobori yalimwingia mwaka 1974, Lorene akiwa bado mdogo, jimbo letu lilipowatengea wawindaji wa bunduki za jiwe la gumegume msimu wao wenyewe, katikati ya baridi, na mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha, maana asubuhi ya kwanza alishindilia risasi akasahau kutia baruti, akakaa kutwa nzima juu ya kisiki akimwelekezea kulungu bomba lisilo na baruti, akarudi nyumbani analaumu jiwe, analaumu unyevu, na Verna, ambaye alikuwa ameona pembe ya baruti imejaa vilevile alivyoondoka nayo, akamwambia, "Mume wangu, kesho jaribu kumpigia kelele, huenda akafa kwa aibu."

Kwa sababu ya aibu hiyo alijifunza, na alipokwisha kujifunza akaanza kufundisha, kila mwezi Septemba tangu mwaka 1981, katika ukumbi wa zimamoto, akiwapokea wote ambao hawajawahi kushika gobori, wake kwa waume, na wengi mliokaa hapa mlipita mikononi mwake, mnakumbuka alivyofoka, kwamba ni baruti nyeusi tu, atakayetia baruti ya bunduki za kisasa aandike wosia kwanza, kwamba baruti haimiminwi kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi mtutuni bali hupimwa kwa kikombe, kwamba risasi huvikwa kitambaa chenye mafuta na kushindiliwa mpaka ikalie baruti barabara, isiachwe ikining'inia njiani.

Mwisho aliwafundisha alama, naye hakuna jambo alilolishikilia kama hilo, akisema gobori halina dirisha la kuchungulia, jicho lako ni mdeki, hiyo fimbo ya kushindilia, kwa hiyo siku ya kwanza unalijaza gobori lako sawasawa, unaacha mdeki umesimama ndani, unachukua kisu na kuukata alama pale unapotokea mdomoni mwa mtutu, na tangu siku hiyo, ukishindilia ukaona alama imebaki juu, simama hapohapo, kuna kitu ndani, na aliyemuuliza kama alama ni lazima alijibiwa, "Si lazima, na macho mawili si lazima pia, toa moja uniachie hapa mezani."

Galen alikuwa na gobori lake tangu ujana, na mdeki wake wa zamani, wenye alama, ulivunjika katika vuli ya mwaka 2003, basi baba yake akamchongea mwingine wa mti mgumu wa hickory, akausugua kwa mafuta majuma kadhaa, akampa siku ya Krismasi mezani, na kijana akaufurahia, akaugeuza mkononi, akasema, "Baba, huu hauna alama," na baba akamjibu, "Baruti haiingii jikoni kwa mama yako siku ya Krismasi, tutaukata kesho kulekule msituni, sasa kula, nyama inapoa."

Kesho yake, tarehe 26 Desemba 2003, siku ya kufungua msimu, kengele ya zimamoto ililia kabla hakujapambazuka, gari limetumbukia mtaroni huko Miller Hill, na marehemu, aliyekuwa dereva wa kikosi, alivaa buti akaenda, akimwambia Galen atangulie na mjomba wake Merle, atawakuta huko juu, na hakuna mtu chini ya jua anayeweza kumlaumu aliyekwenda kumtoa mama na watoto wake kwenye mtaro wenye barafu, hakuna, isipokuwa yeye mwenyewe.

Huko juu kikundi cha wawindaji wenzao kiliwaswaga kulungu kuwateremsha bondeni kama kinavyofanya miaka yote, Galen na mjomba wake wakiwa wamesimama jirani wakiwangoja, kulungu wakatokea, wote wawili wakafyatua kwa pamoja, na Mjomba Merle ametueleza mara nyingi, naye kila akieleza huzeeka, kwamba gobori lake lililia, ila la Galen liliwaka juu tu, kwenye kisahani cha baruti ya kuwashia, moto haukuingia ndani, lakini katika kishindo kile na moshi ule kijana aliamini amepiga, akatia baruti nyingine na risasi nyingine juu ya zile za kwanza, na aliposhindilia mdeki ukabaki juu sana, akaucheka, akamwita mjomba wake, "Mjomba, tazama, mzee mwaka huu kanichongea mrefu kupita kiasi!"

Akauchomeka mdeki kwenye theluji kando yake, akalenga kulungu wa nyuma, akafyatua, na mtutu ukapasuka, akafariki palepale akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na gari la zimamoto lililoitwa kumfuata lilikuwa linaendeshwa na baba yake.

Tangu siku hiyo marehemu hakuwinda tena, lakini kufundisha hakuacha, jambo lililowashangaza watu, na Septemba baada ya Septemba alisimama ukumbini akifundisha alama, alama tu, mengine akawaachia wenzake, akipita meza hadi meza akipapasa mdeki wa kila mtu kwa kidole gumba, hata wengine wakachoka wakahamia darasa la Harlow Mills, na waliobaki, tuseme kweli, wengine walibaki kwa huruma, na katika wanafunzi wake wote hakuumia hata mmoja, na hilo halikumsaidia lolote.

Mkewe alimwambia, mchungaji alimwambia, Merle alimpigia magoti jikoni akamwambia kama kuna wa kulaumiwa ni yeye aliyekuwa karibu akasikia kijana anacheka asielewe, naye Verna kila Krismasi akamrudia maneno yaleyale, "Royden, hukumuua mtoto," na jibu lake miaka ishirini lilikuwa moja, "Sikumkatia."

Mdeki ule ulirudi kutoka msituni mzima kabisa, bila hata mkwaruzo, akauning'iniza jikoni, na kila mkesha wa Krismasi aliushusha, akafungua kisu, akakaa nao mezani, kisha akafunga kisu na kuurudisha, na sisi wa nyumbani tulidhani moyo unamshinda, mpaka Lorene alipomwambia, "Baba, ukate tu, upumzike," naye akamtazama akasema, "Nikate wapi, binti yangu?" maana alama hupimwa ndani ya mtutu wake wenyewe uliojazwa, na mtutu ule haupo, kwa hiyo hapa duniani hakuna tena mahali pa kuipimia.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa mara kadhaa, na tangu Novemba mwaka jana hakuamka tena kitandani, akawa anawauliza wauguzi kwa upole kama wameshakata alama, nao, Mungu awabariki, wakamjibu wameshakata, naye hakuwaamini, mpaka alfajiri ya Jumapili tarehe 14 Januari 2024 alipokata roho akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mkono wake ukiwa mkononi mwa Verna, ameacha mjane, binti mmoja, na wajukuu watatu ambao hawawindi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliosafisha theluji mlangoni kwetu na kuleta vyakula ambavyo hatukuweza kuvila, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, kikosi cha zimamoto, na mchungaji wetu, na ninyi wa chama mliokuja na magobori kumpigia mizinga ya heshima, tunawashukuru na tunawaomba msiyajaze, aliomba kaburini pawe kimya, naye atalazwa upande wa kulia wa Galen.

Asubuhi ya leo mama yetu aliushusha mdeki pale ukutani, akauweka ndani ya jeneza kando ya mkono wake, na Merle alipomwuliza kama amwachie na kisu, mama alisema, "Mwachie, atamwuliza Galen mwenyewe mahali pa kukata."

Royden, baba, shemeji, hapa kwetu amani hukuipata, tuliitafuta pamoja nawe tukashindwa, basi huko uendako pumzika, pumzika kwa amani.