Mbwa Aliyerudisha Ugoro

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni na wewe uliye dukani, na wewe dereva umeweka lori kando ndio usikie vizuri, sogeeni tukae pamoja. Hii ndiyo saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka. Na leo songa karibu kabisa, kwa maana tunayemkumbuka leo sio mtu. Ni mbwa.

Sasa usizime redio! Nakujua. Hata vijana wa hapa ofisini, hawa wanaoniita Umau, yaani babu, wamecheka wakashika mbavu. "Umau, sasa tumefika mahali pa kutangaza matanga ya mbwa?" Nikawaambia, mama amekuja mwenyewe. Ameketi kwa hiki kiti, amejifunga leso vizuri, ameongea mpaka chai ikapoa. Mtu akilia kwa kiti changu mimi siulizi analilia wa miguu miwili ama wa minne. Nampatia kitambaa.

Mama huyo ni Kasiva. Bwana yake ni Nzuki. Wanakaa Lukenya, chini ya ule mlima, upande wa kwari za mawe. Na mbwa aliitwa Posta. Kasiva, Nzuki, Posta. Shika hao watatu.

Kwa nini Posta? Nzuki alikuwa mchonga mawe kwa kwari. Mkono wake ulikuwa mzuri sana kwa mawe, lakini kichwa chake kilikuwa cha kusahau. Kila asubuhi anafika kazini, anapapasa mfuko, mkebe wa ugoro umebaki nyumbani. Na Nzuki bila ugoro, wasikilizaji, hata jirani alikuwa anahama njia. Basi Kasiva akajaribu kumtuma mbwa. Siku ya kwanza alimfunga mkebe shingoni na kipande cha leso, akaongeza na chapati kwa mfuko. Chapati haikufika. Lakini ugoro, mbwa atafanyia nini? Ukafika. Wachonga mawe wakapiga kelele, "Posta imefika!" Jina likashika hapo hapo.

Sasa siku moja Posta alienda na mkebe, akarudi nao. Kasiva alikuwa anapeta mahindi. Akaona mbwa amesimama mbele yake, anahema, mkebe uko shingoni. Akaufungua. Umejaa vile alivyoujaza. Haujaguswa.

Kasiva aliniambia hivi: "Mzee, Nzuki angeweza kunirudisha mimi kwetu. Ugoro, hapana. Ugoro hawezi kurudisha." Akatupa uteo chini, akapiga nduru, watu wakatoka mbio nyuma ya mbwa. Wenzake Nzuki walikuwa wameenda mazishi siku hiyo, alikuwa peke yake kule chini. Walimpata amelaliwa na jiwe, mguu umesagika, sauti imeisha kwa kuita.

Akapona. Mguu ndio haukupona vizuri, lakini mtu alipona. Nirudie, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yanaanzia: mbwa ndiye aliita watu. Hilo liweke mfukoni, tutalihitaji.

Basi miaka ikaenda. Nzuki na fimbo yake akawa mtu wa nyumbani, anaangalia mbuzi. Kasiva akawa mtu wa soko, anauza nyanya na vitunguu kule Athi River. Na kila jioni akirudi, kuna mtu mmoja anamngoja getini. Posta. Mvua, vumbi, jua, Posta yuko getini.

Lakini mbwa hazeeki polepole kama sisi. Anazeeka ni kama anashuka mlima. Macho yakawa meupe kama maziwa. Kiuno kikalegea. Halafu kidonda kikatoka hapa kwa paja, kikakataa kufunga. Nzi wakaja.

"Baba Mumo," Kasiva akamwita bwana yake kwa jina la mtoto wao asubuhi moja, "huyu anaumia."

"Ni baridi tu. Si unajua Lukenya ina baridi."

"Ni baridi inamtoa usaha?"

Nzuki akachora chini na fimbo. Halafu akauliza, "Jana alikuja kukulaki getini?"

"Alikuja."

"Basi siku atashindwa kufika getini, nitaita daktari. Kabla ya hiyo siku, mtu asiniambie."

Wakashikana mkono. Mkono kabisa, kama watu wanaouziana shamba.

Jioni ya kwanza, Posta yuko getini. Ya pili, yuko getini. Kasiva akafurahi. Akaanza hata kuona aibu, akasema mimi nilitaka kumharakisha mnyama wa watu. Lakini jioni moja akaona kitu. Mbwa hakusimama. Alikuwa amelala, mkia tu ndio unapiga chini, taratibu. Na manyoya ya upande mmoja yalikuwa bado na alama za gunia analolalia nyumbani.

Kasiva akaangalia chini. Kwa mchanga, kutoka nyumbani mpaka getini, kulikuwa na mstari mmoja. Mstari wa gurudumu moja.

Ile wilbaro yao ya kubebea samadi.

Umeelewa, msikilizaji? Nzuki, na mguu ule mbovu, alikuwa anampakia mbwa kwa wilbaro kila jioni, anamsukuma mpaka getini, anamshusha, anarudisha wilbaro mbio mbio nyuma ya ghala kabla mama hajatokea. Ndio ionekane Posta amekuja mwenyewe.

Na Kasiva alifanya nini? Mimi nilidhani ataniambia alipiga kelele. Wapi! Asubuhi aliamka mapema, akachukua ufagio, akafagia ule mstari. Kesho yake akafagia tena. Akaniambia, "Nilisema moyoni, kama alama haiko, basi sijaona." Wawili hao wamekula pamoja maisha yote, na sasa mmoja anasukuma, mwingine anafagia, na hakuna anayesema neno. Na katikati yao mbwa anaoza akiwa hai.

Kwa maana hakuwa anakula tena. Kasiva alikuwa anamsikia akigeuka kwa gunia, analia kidogo, ananyamaza, analia tena. Nzuki alikuwa anaongeza sauti ya redio. Ndio, redio. Labda alikuwa anasikiliza hapa hapa.

Sasa kuna jirani yao, binamu ya Nzuki, anaitwa Muthoka. Muthoka alimkuta Kasiva kwa tangi la maji. "Shemeji, mpaka lini? Hiyo harufu inafika kwangu. Mbwa hafi kwa daktari, sisi tangu zamani mbwa ni kamba tu. Wewe enda soko. Mimi nitamwita mzee aangalie mbuzi yangu, amwache mbwa peke yake, nirudi nimalize. Ukirudi, utamkuta amelala milele. Utasema ni uzee."

Kasiva akajitwika mtungi. Halafu akasema neno moja. "Sawa."

Akaenda soko. Wasikilizaji, hiyo siku mama huyu hakuwa soko. Mwili uko kwa kibanda, roho iko Lukenya. Mteja anamwambia, "Mama, nimekuomba nyanya, unanipimia vitunguu." Mbinya, mama wa kibanda cha kando, akamwangalia. "Kasiva, uko hapa ama uko wapi?"

Kasiva akasimama. "Niangalilie vitu."

"Na unaenda wapi na jua bado liko juu?"

Kasiva alikuwa ameshatoka. Akapanda pikipiki. "Endesha," akasema. Kijana akaendesha. Wakafika pale njia ya kwari, wakakwama nyuma ya lori za mawe. Lori mbele, lori nyuma, vumbi hata huoni kidole chako. "Mama, tungoje kidogo." Angoje nini? Akashuka, akavua viatu akavishika mkononi, akakimbia. Mama mzima, mwenye wajukuu, anakimbia barabarani na leso imefunguka. Anawaza: amempata? Ameshafunga? Na mzee akigeuka amwone? Na mzee akijua ni mimi?

Karibu na geti akasikia sauti. Nyii, nyii, nyii. Gurudumu kavu.

Akaona Nzuki. Fimbo ameilaza juu ya wilbaro, kando ya mbwa, na yeye anaruka na mguu mmoja huku akisukuma. Gurudumu likagonga jiwe. Mbwa akalia. Kasiva anasema kile kilio kilikuwa kama cha mtoto.

"Pole, pole mzee mwenzangu," Nzuki akamwambia. "Ni hapa tu. Leo nakuleta mapema, Muthoka ananingoja kwa mbuzi yake. Mama anakuja. Wewe tikisa mkia, hiyo ingine yote niachie mimi."

Na upande wa pili, kutoka kwa boma la mbuzi, Muthoka anakuja na kamba mkononi.

Watatu wakasimama. Hakuna aliyesonga.

"Mama Mumo," Nzuki akasema, "mbona mapema?"

"Na wewe, mbona na wilbaro?"

Nzuki akageuka, akaiona kamba. "Muthoka. Hiyo ni ya nini?"

"Ni... ni ya mbuzi."

"Mbuzi iko wapi?"

Muthoka akaificha kamba nyuma ya mgongo. Lakini macho yake yalimtoroka, yakaenda kwa Kasiva. Basi. Nzuki akaelewa.

"Ni wewe," akasema. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa afadhali.

"Ni mimi."

"Tulishikana mkono."

"Tulishikana. Halafu wewe ukamleta na gurudumu."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nafagia, Baba Mumo. Ulidhani alama zilikuwa zinaenda wapi?"

Nzuki akaangalia mchanga. "Nilidhani ni upepo," akasema. Akakaa chini, pale pale kando ya wilbaro, akamshika mbwa sikio.

"Huyu aliniitia watu nikapona," akasema. "Na mimi nimwitie watu wamuue? Mdomo wa kusema hiyo nitatoa wapi?"

Muthoka akaangalia mlima. Kasiva akakaa chini pia, na vumbi lake na miguu yake mitupu. Akafukuza nzi kwa kidonda na ncha ya leso.

"Ile siku alirudi na ugoro," akasema, "alijua kama utapona?"

"Mbwa atajua aje?"

"Hakujua. Alijua tu unaumia, na yeye peke yake hawezi. Akaita watu. Hakuna kingine alifanya, Baba Mumo. Aliita watu."

Wasikilizaji, hapo hata mimi nilinyamaza, na kunyamaza sio kazi yangu.

Nzuki akakaa na mbwa mpaka mbuzi zikaanza kurudi zenyewe. Muthoka akaitundika kamba kwa mti wa geti, akasema, "Mimi nitachimba. Hiyo naweza." Akaenda kutafuta jembe. Na Nzuki akatoa simu, akampigia daktari wa mifugo. Anakosea kubonyeza, anaanza tena. Kasiva hakumsaidia. Alimwacha apige mwenyewe. Na hakusema kuna mbwa wa kuuawa. Alisema hivi: "Daktari, kuna mtu wetu hapa anaumia. Kuja."

Ya usiku huo mama hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Asubuhi daktari akaja. Anaitwa Bilan, binti ya Korane, yule mzee anayenunua mbuzi upande huo wote. Nzuki aliogopa, akasema moyoni, hawa ni Waislamu, mbwa hawamgusi. Bilan akavaa glavu, akachuchumaa kwa vumbi. "Mzee, huyu ndiye alikuwa analinda zile mbuzi mlimuuzia baba?"

"Ndiye."

"Basi tunajuana na yeye. Mshike kichwa. Asikie harufu yako."

Nzuki akamshika. Kasiva akaweka mkono kwa mgongo wa mbwa. Bilan akadunga sindano. Mkia ukapiga chini mara moja. Halafu Posta akalala, na uso wake ukawa ule wa zamani, kabla ya kidonda. Bilan akaomba maji ya kunawa, akanawa sana, akawapa pole kama mtu amefiwa na mtu.

Walimzika hapo ndani ya geti. Kabla Muthoka hajarudisha udongo, Nzuki akasema ngoja. Akajaza mkebe ugoro, akaufunga shingoni na kipande cha leso.

"Huko anakoenda," Kasiva akasema, anapangusa macho, "wakimpata na huo ugoro watajua ametoka kwa nani."

"Wajue," Nzuki akasema.

Kwa Nzuki na Kasiva, kwa mtoto wao Mumo aliye mbali, na kwako pia Muthoka, maana nimeambiwa ulichimba huku unalia: poleni. Poleni sana kutoka kwetu sote hapa. Mungu awafungie hicho kidonda pole pole.

Na wewe unayenisikiliza, mimi sina shule ya kukufundisha. Lakini angalia chini hapo kwako. Kama kuna mmoja anasukuma kitu kizito kwa siri, na mwingine anafagia alama, hao wawili wanapendana, ndio. Lakini aliye ndani ya wilbaro ndiye anaumia. Mwulizeni yeye. Na mtu akiumia na wewe peke yako huwezi, ita watu.

Kasiva akisimama kwenda, aliniambia neno la mwisho pale mlangoni. Jioni ya kwanza baada ya mazishi, aliogopa kufika nyumbani. Aliogopa lile geti tupu. Akatembea huku anaangalia chini. Alipoinua macho, kuna mtu amesimama getini. Nzuki, ameegemea fimbo, jasho linamtiririka.

"Na mguu huo, unafanya nini huku?"

"Hiyo kazi haiwezi kukaa bila mtu, Mama Mumo."

Kasiva akaangalia mchanga. Kulikuwa na nyayo za mtu, na matundu ya fimbo, kutoka nyumbani mpaka getini. Gurudumu, hapana.

Asubuhi yake hakufagia.