Maiti Aliyepumua

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na gereji, na Mama Birika ameuza kahawa pale tangu barabara haijaijua lami. Asubuhi hiyo, amini usiamini, hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za nyumbani. Jana tamthilia ya vita vya mfalme wa kale ilimaliza msimu wake wa kwanza, na kila mtu alikuja na lake rohoni. La Wembe, kinyozi, lilikuwa linamwasha ulimi. Yule maiti wa mwisho, ambaye uso wake ulijaa televisheni nzima, alikuwa yeye! Siku ya kupiga picha walimpaka masizi, wakamlaza matopeni kutwa, wakamwambia asipumue. Akapumua. Hakumwambia mtu ila mkewe, maana alitaka kijiwe kimtambue chenyewe.

— Wametupotezea muda, alianza Profesa, fundi simu. Malkia wa zama zile, meno meupe vile? Na ndevu za jemadari zimechongwa kwa mashine!

— Tena mashine mpya, akasema Wembe, akigeuza uso upande wenye mwanga.

Hakuna aliyemtazama.

— Achana na ndevu, wewe! Spana, fundi magari, akapiga benchi kofi. Yule maiti, je? Mliona kifua?

— Kilipanda! Mama Birika akatua birika chini. Haki ya Mungu kilipanda. Mwili wote ulinisisimka.

— Wamekosea tu hao.

— Wakosee wapi, Profesa? Mama Birika akamkatiza. Ile ni roho ya nchi, imegoma kutoka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana hakufa upesi.

— Basi ni mfalme mwenyewe, kavaa nguo za askari, akasema Spana. Msimu ujao anaamka.

Profesa hakukubali kuachwa nyuma.

— Sikilizeni. Yule alikuwa maiti wa kweli. Taa za kamera zina umeme, umeme umemshtua moyo. Asiyekubali kushindwa si mshindani!

Wembe nusura apaliwe. Umeme gani? Sisimizi alimwingia puani, basi. Vichwa vyote hivi anavinyoa yeye, anajua kila kovu na kila kipara kinachofichwa, na wenyewe hawamjui uso! Lakini mteja wa kinyozi humtazama nani kwenye kioo, kama si nafsi yake? Akaweka kikombe chini. Liwalo na liwe, sasa atawaambia.

— Msinicheke, Spana akamtangulia, sauti imeshuka. Mimi jana nililia.

— Wewe?

— Mimi. Mdogo wangu tulipomzika sikutoa chozi, mnakumbuka. Nilibeba jeneza kama nabeba injini. Jana yule mtu alipovuta pumzi nikajikuta nimesimama, nasema, inuka, inuka basi. Mke wangu akazima taa wanangu wasinione.

Hata Profesa alitazama vidole vyake. Wembe alihisi machozi yanamlenga, akashangaa, maana siku ile yeye alikuwa anawaza sisimizi tu.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake gereji alikuwa amechukua kahawa, akawasikiliza muda wote.

— Samahanini jamani, mimi sikuitazama. Huyo maiti aliitwa nani?

Profesa akamgeukia Spana, Spana akamgeukia Mama Birika.

— Farasi wa mfalme tunamjua jina, Mama Birika akasema taratibu. Mbwa wa malkia tunamjua. Yule... lo!

— Wembe, akauliza Spana, anajifuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Wewe unashika mambo. Ulimsikia akiitwa jina?

Sasa walimtazama wote, macho kwa macho. Hicho ndicho alichokitaka tangu alfajiri. Jina lake mwenyewe lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Aliliita kimoyomoyo, akauona uso wa Spana unavyongoja, akaizuia pumzi, na safari hii ikazuilika.

— Simjui, ndugu yangu.

Mama Birika akainamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo ya kahawa.

— Imeisha, jamani.

— Njoo kitini, Wembe akamwambia Spana, akimshika bega. Nywele zimekujaa.