Glasi Niliyopewa na Mtani

Ningepaswa kukataa mlangoni mwa gari. Pale pale, kabla sijainua mguu. Yule mama aliyekuwa akituongoza alisimama na orodha yake mkononi akatuuliza kwa adabu kabisa: "Wageni wangu, kuna yeyote asiyetumia kilevi? Aseme tu, kila tutakapofika atapata jusi yake ya matunda." Tulikuwa watu sita. Nilikuwa Mwislamu wa miaka arobaini na miwili ambaye hakuwahi kuonja hata boha, ile pombe ya miwa ya huku kwetu. Nikatazama viatu vyangu, nikanyamaza, nikapanda.

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kunipa Jumamosi hii niseme. Wadogo zangu mlionisalimia shikamoo pale mlangoni, marahaba. Wengi wenu mnanijua kama mzee anayewahi kufika hapa darasani kupanga madawati na kuchemsha chai kabla ya kikao chetu cha walioacha pombe. Hamjui nilikotoka. Sitamtaja mtu jina. Makosa ni yangu, na waliohusika wengine bado tunapishana nao sokoni hapa Korogwe.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge ya serikali yanauzwa. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika shamba mojawapo. Kidato cha nne kilinipa kiti na kalamu, nikadhani nitazeeka navyo. Alipokuja mwenye shamba mpya, sisi wa stoo tukaaga. Sikulalamika sana. Mama watoto alikuwa na mkono wa kupika, tukafungua mgahawa pale mabasi yanaposimama. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchi nzima, kila wiki unaona kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo. Abiria wa Moshi na Arusha walishuka kwetu, wakala wali na maharage, Ijumaa pilau. Nyuma ya mgahawa nilitandika mkeka wa kusalia na kuweka birika la maji ya kutawadha. Kuna madereva walisimama kwetu kwa ajili ya mkeka ule kuliko pilau.

Siku moja akaja wakala wa kampuni iliyokuwa ikiingiza vinywaji kutoka nje. Akasema Korogwe inakua na abiria wa sasa si wa zamani. Akanialika Dar es Salaam pamoja na wenye migahawa na nyumba za wageni wa mikoa mingine, tukatembezwe katika baa za mahoteli makubwa tuone vinywaji vya kuchanganya vinavyotengenezwa.

"Unakwenda kutazama nini, baba watoto?" mke wangu akauliza.

"Biashara."

"Biashara yetu ni pilau."

Lakini alinifungia mkate wa kumimina wa kula njiani.

Sasa, katika wale sita alikuwemo Mnyamwezi mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Tabora. Aliposikia mimi ni Mzigua alipiga makofi kama mtu aliyepata zawadi. Vijana, pengine utani mnaujua wa kwenye simu tu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukusema msibani ukiwa na machozi, ukacheka. Anaweza kuondoka na kuku wako. Huruhusiwi kukasirika. Unajibu kwa neno au kwa kitendo, na ukinuna umeshindwa.

Tulianza saa tisa alasiri. Baa ya kwanza ilikuwa na ubaridi kama chumba cha maiti na mpishi wa vinywaji aliyevaa tai ya kipepeo. Yule mama alituelezea kila kitu kama mwalimu: hiki ni chombo cha kutikisia, hii barafu haitakiwi kuyeyuka haraka, ndimu hukamuliwa saa ile ile. Ukingo wa glasi ulikuwa na chumvi. Nilidhani hawajaosha.

Kwa kuwa sikusema kitu mlangoni, nami nililetewa. Nikaishika glasi bila kunywa. Mtani akaniona.

"Jamani, mtazameni Mzigua! Ameshika glasi kama ameshika nyoka!"

"Nasubiri ipoe," nikajibu.

"Ipoe nini, na imejaa barafu? Kwao Handeni maji yanaletwa na punda, hajawahi kuona yanayoletwa na mtu mwenye tai. Mama, huyu mtafutie ndoo, glasi imemshinda."

Wote walicheka, hata yule mwenye tai.

"Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, ulimi nje," nikamwambia. "Tukampa maji. Leo umesahau."

"Sijasahau. Leo mjukuu wake anarudisha yale maji. Kunywa, Mzigua! Ya mtani hayahesabiwi."

Nikanywa.

Yule mama mwongozaji alinisogelea akasema taratibu, "Kaka, jusi ipo." Kwa hiyo niliulizwa mara mbili, ndugu zangu. Nikamwambia, "Hii inatosha, dada." Nataka mjue hivyo, maana kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kana kwamba nilikabwa koo.

Na nitawaambia jambo jingine ambalo wanaoacha pombe huwa hatupendi kulisema: ilikuwa tamu. Chumvi, kisha ndimu, kisha utamu, halafu moto mdogo kifuani. Baa ya pili walichanganya nanasi na tui zito la nazi, juu wakachomeka mwavuli mdogo wa karatasi. Ya tatu ilikuwa ghorofani. Tulipofika huko adhana ya magharibi ikaanza kusikika dirishani. Nikaweka glasi mezani kwa heshima mpaka adhana ikaisha. Halafu nikaichukua tena. Nawaambia kweli, shetani hakuwa na kazi zaidi ya hapo. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na furaha tu, na nilikwisha kulishika lile neno kama fatwa: ya mtani hayahesabiwi.

Nyumbani nilimletea binti yangu ule mwavuli. Alikuwa na miaka tisa, ndiye mtoto wetu wa kike pekee.

"Baba, mwavuli wa nani huu mdogo hivi?"

"Wa sisimizi wa Dar es Salaam. Kule sisimizi nao wanaogopa mvua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Huo ndio uongo wa kwanza niliomwambia kuhusu pombe. Wa mwisho ulikuja baada ya miaka kumi na mmoja.

Nilitengeneza kona ndani ya mgahawa, rafu ya chupa na chombo cha kutikisia. Nilijifunza kuchanganya kwa kuonja, na mwanafunzi anayeonja kila somo mnajua anamalizaje siku. Asubuhi moja nikaenda nyuma nikakuta mkeka haupo. Mama watoto alikuwa ameukunja akaupeleka nyumbani.

"Mkeka haukai na chupa," alisema. Hakugomba. Baada ya wiki chache naye akaacha kuja jikoni, akawa anakaanga maandazi nyumbani. Madereva wakahamia kwa jirani. Rafu ikaisha chupa za rangi, nikabaki na za kawaida, kisha sikuwa na mgahawa, nikawa mteja wa gongo kwenye vibanda vya watu. Ukiniuliza kulikoni, nilikuwa na jibu moja: "Mtani alinichokoza." Na nilicheka. Watu nao walicheka, kwa sababu mlevi mcheshi hamchoshi mtu mpaka awe wa nyumbani kwake.

Binti yangu alikua akiyaona hayo. Akasoma uuguzi, akapata mchumba, mwalimu wa Handeni, kijana mwenye heshima. Wiki moja kabla ya ndoa alikuja akakaa karibu yangu uani.

"Baba, sikuombi uache. Nakuomba siku moja. Siku moja tu."

"Siku hiyo sitaigusa," nikamwambia. Huo ndio ule uongo wa mwisho, ingawa nilipousema niliuamini.

Wote mnajua kwetu sisi Waislamu baba ndiye walii. Anakaa mbele ya mkwe, wanashikana mikono, anasema, "Nakuoza binti yangu," kijana anajibu amekubali, imekwisha. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya maneno hayo. Siku nne sikunywa. Lakini asubuhi ya ndoa mkono wangu ulitetemeka hata kifungo cha kanzu kikanishinda. Nikafikiri: kijana atashika mkono huu mbele ya ukoo wake wote, atasema nini? Nikaenda kibandani kunywa kidogo, ili mkono utulie. Hiyo ndiyo sababu, ndugu zangu. Nilikunywa ili mkono usitetemeke.

Ulitulia. Ila kidogo haikuwa kidogo. Nilifika kwa mdogo wangu, ambako shughuli ilikuwa inafanyika, nikasalimia mara tatu mtu yule yule, nikakanyaga sahani ya ubani. Sheikh aliniinamia akanong'ona: "Mzee wangu, walii anatakiwa awe na akili zake timamu. Kaa pembeni. Mdogo wako atasimama."

Wakati huo huo akaingia mtani wangu. Ndiye yule yule, ametoka Tabora kwa mwaliko wangu, maana kwa miaka yote ile tulikuwa tukitumiana salamu za matusi kwa madereva. Harusi bila mtani haijakolea. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Bibi mmoja akapaza sauti: "Mnyamwezi, mtani wako huyo! Mseme!"

Nami nilingoja aniseme. Nilitamani. Kama angenitania, jambo lote lingegeuka utani, na ya utani hayahesabiwi.

Akaja akachuchumaa mbele yangu. "Kaka," akasema. Hakuwahi kuniita kaka. "Twende tukae nje."

"Nitanie," nikamwambia. "Watu wanasubiri."

"Siwezi. Utani unataka watu wawili. Wewe haupo."

Akanishika mkono, akanitoa mpaka uani penye masufuria, akanikalisha kwenye gunia la mkaa. Nikasikia sauti ya mdogo wangu kutoka ukumbini: "Nakuoza binti wa kaka yangu." Kisha vigelegele. Mtani alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Ile glasi nilikunywesha mimi," akasema. Nikataka kumjibu kwamba nilikunywa kwa mdomo wangu, na hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililowahi kutaka kulisema. Lakini nililia.

Hakurudi kwao siku ile. Alilala kwa mdogo wangu siku tatu, kisha wawili hao wakanipeleka kijijini Mpale kwa shangazi yangu, mbali na stendi. Shangazi alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Hapa hakuna baa," akasema. "Kuna palizi." Wiki ya kwanza sikuweza hata kushika jembe. Nilitetemeka, nilitoka jasho, niliona vitu ukutani. Shangazi alininywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Jirani yake, Mkristo mmoja aliyekwisha kuacha zamani, alikuja kila alasiri kukaa nami. Hakunihubiria. Tulipukuchua mahindi. Baadaye ndiye aliyenileta katika kikundi hiki.

Mwezi wa tano nikiwa huko kikaja kifurushi, kimefungwa kwa kamba ya katani. Hapakuwa na barua. Ndani ulikuwa ule mkeka.

Ndugu zangu, nimeshukuru Mungu kila siku tangu hapo, na leo naomba niwashukuru watu. Namshukuru mama watoto, aliyeutunza mkeka miaka yote ile akijua siku ya kuutuma. Namshukuru mdogo wangu. Alisimama mahali pangu siku ile, na mpaka leo hajalitamka jambo hilo hata tulipokosana. Shangazi amekwisha kutangulia. Alinizaa mara ya pili kwa uji na jembe. Jirani yule mnamjua, yuko hapa, anatazama chini kwa sababu hapendi kusifiwa. Na namshukuru mtani wangu. Aliposikia nimesimama imara alinitumia salamu, nami nikajua nimepona: "Mwambieni yule Mzigua nimesikia ameacha. Punda wa Handeni sasa watapata wapi mwenzao?"

Mkinitaka funzo, ni hili dogo. Mtani alirusha neno, kama ilivyo kazi yake. Mimi ndiye niliyeligeuza sheria kwa sababu lilinifaa. Wewe uliyeketi pale nyuma, uliyeingia leo kwa mara ya kwanza, nakuambia: watakuuliza kwa adabu, mlangoni. Jibu pale pale. Ukishapanda gari, kila kituo neno linazidi kuwa zito.

Binti yangu alinisamehe. Anakuja kila sikukuu na wajukuu, ananiwekea chai yeye mwenyewe, na mumewe ananiita baba. Sidai zaidi ya hapo. Lakini binti nilikuwa naye mmoja, na baba humwozesha binti yake mara moja. Maneno yenyewe ni matatu. Nilikuwa nimeyakariri, na sikuyasema. Mkwe wangu siku ya ndoa yake alishika mkono wa mdogo wangu, mimi nikiwa uani juu ya gunia la mkaa. Hicho ndicho nilichokipoteza kwa kunyamaza mlangoni mwa gari.