Verlie Maggard Stidham, Aliyelipa Kiingilio Kwenda Kwao

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza Verlie leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, tunamzika mahali ambapo hakupataka. Ni vizuri lisemwe mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema mpaka siku zake za mwisho. Alitaka kulala kando ya mama yake, juu ya kilima, ndani ya Hifadhi ya Jimbo ya Maporomoko ya Maggard. Atalala hapa kanisani, maili mbili nje ya geti la hifadhi. Mungu anajua kwa nini, na sisi pia tunajua.

Verlie alizaliwa tarehe 9 Mei 1938 katika bonde la Maggard, Kaunti ya Tolliver, mtoto wa pili wa Hobart Maggard na mkewe Ocie. Kaka yake Coy, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mitano, yupo nasi hapa mbele. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, na jikoni palikuwa na dohani ya mawe iliyojengwa na Hobart kwa mikono yake. Upande wa jua palikuwa na shamba la maharage, upande wa pili zizi, na nyuma ya zizi yalikuwapo maporomoko yenyewe. Watoto wale walilala na kuamka kwa sauti ya maji.

Ocie alifariki kwa homa ya mapafu Januari 1949, Verlie akiwa na miaka kumi. Alizikwa kilimani pamoja na wazee wa ukoo, na kichwani pakawekwa jiwe la mtoni lisilochongwa, kama walivyowekewa wote waliomtangulia. Bonde lile halikuandika majina kwenye makaburi. Kila Jumapili ya mwisho ya Mei watu walipanda kilimani na maua ya karatasi, kuku wa kukaanga na keki ya matufaha makavu. Wakayapamba makaburi, wakala papo hapo kwenye majani, na wazee wakawaonyesha watoto: hapa kalala fulani, na huyu pembeni ni dada yake. Kuandika jina kulionekana kama kuwaambia jamaa zako kwamba watakusahau.

Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja bondeni. Mwaka 1951 serikali ya jimbo ililitaka bonde lile, ili watu wa mijini wapate pa kutembea, kuogelea na kutazama mandhari. Familia kumi na moja ziliondolewa na nyumba zao zikachomwa moto. Dohani ya jiko la Ocie iliachwa imesimama, kwa sababu ilipendeza kwenye picha. Hobart alinunua kibanda kando ya reli mjini, na tangu hapo hakushika jembe tena mpaka alipokufa. Verlie alimaliza sekondari huko mjini Mei 1956.

Mwaka uliofuata hoteli ya hifadhi ilitafuta mpishi, Verlie akaenda. Coy alimfuata mpaka kwenye kituo cha basi.

"Unakwenda kuwapikia?"

"Nakwenda kuwapikia."

"Waliochoma nyumba ya mama?"

"Hawa siyo waliochoma, Coy. Hawa ni watalii, wana njaa tu."

"Basi sikia. Mimi sitalipa hata senti kupita lile geti. Nikate tiketi nikatazame jiko la mama? Labda niwe nimekufa."

Verlie alifanya kazi katika jiko lile hadi alipostaafu mwaka 1994, na mkate wake wa mahindi ulijulikana kaunti nzima. Siku moja mgeni mwenye kofia mpya ya kupandia milima alimwuliza kama ni mwenyeji wa maeneo yale.

"Gari lako umeliegesha wapi?" Verlie akamwuliza.

"Pale chini, penye ule mti mkubwa."

"Basi umeliegesha zizini kwetu. Ng'ombe wetu aliitwa Pansy. Ongeza chumvi hapo, maharage ya leo yamepooza."

Mgeni alicheka mpaka akatokwa machozi, akidhani ametaniwa. Verlie alirudi jikoni kukoroga sufuria yake.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa katika kanisa hili na Burl Stidham, fundi mawe. Hawakuwa na uwezo wa kwenda mbali, kwa hiyo fungate walikula ndani ya hema, katika uwanja wa kambi wa hifadhi, kiwanja namba kumi na nne. Burl alipokuwa akipigilia vigingi, Verlie alichota udongo, akaunusa.

"Burl, tumelala kwenye maharage ya baba."

"Basi kesho asubuhi tuchume," Burl akasema.

Kila kiangazi walirudi kiwanja kile kile. Watoto wao, Dwain na Glenna, walijifunza kuogelea chini ya maporomoko na kupiga makasia ziwani. Verlie aliwaamsha kabla ukungu haujapanda, wakatembea njia ya ukingoni wakiwa na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe mfukoni, wakakaa juu ya mwamba kutazama milima ikijitokeza mmoja baada ya mwingine. Asije mtu akasema alikwenda kule kwa uchungu tu. Alipapenda. Coy alipomwambia kwamba anawalipa wezi, alimjibu, "Maji hayajamwibia mtu."

Mwaka 1964, wakiwa kilimani Jumapili ya kupamba makaburi, Burl alitoa patasi yake.

"Mama Dwain, nimchongee mama mkwe jina. Kazi ya nusu siku tu."

"Usinichekeshe. Nani asiyejua kwamba hapa ni mama?"

"Wajukuu."

"Wajukuu nitawaonyesha mimi. Rudisha patasi, kuku anapoa."

Burl akairudisha. Neno lile Verlie alilijutia mpaka anaingia kaburini, na alitutaka tuliseme leo ili vijana wasikie.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1987, wakati ambapo hakuna jamaa anayepanda kilimani, watumishi wa hifadhi walikwenda kuhesabu makaburi. Ikatoka amri kwamba anayetaka kuzikwa mle lazima awe na mzazi au mwenzi katika kaburi lenye jina. Mahali alipolala Ocie paliandikwa kuwa ni jiwe. Verlie, Burl na mchungaji walikwenda ofisini, wakaapa mbele ya mkuu wa hifadhi wa wakati huo. Alikuwa mtu mpole, aliwapa hata kahawa.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini siwezi kuandika kwamba nakuamini."

"Basi nitapanda sasa hivi nichonge jina," Burl akasema.

"Kuchora jiwe lolote ndani ya hifadhi ni kosa, mzee. Ningelazimika kukushitaki."

Verlie alimaliza kahawa yake, akashukuru, akatoka. Alirudi tena na tena, mbele ya kila mkuu mpya, na majibu hayakubadilika.

Alipostaafu, yeye na Burl walinunua tela dogo la kulala, wakazunguka hifadhi zote za jimbo. Waliona mapango, maziwa, madaraja ya mawe ambayo Mungu aliyajenga bila fundi. Watu walipokimbilia penye mandhari kupiga picha, Verlie aliingia msituni akitafuta yale maua ya manjano yanayochipuka baridi inapoisha, ambayo kina mama wa milimani walikuwa wakiyapanda mlangoni. Nyumba inaweza kuchomwa, lakini maua yale hurudi kila mwaka. Akiyapata alimwita Burl. "Hapa palikuwa na mlango," alisema, kisha wakavua kofia, wakawaombea watu wasiowajua. Burl anasema hawakuwahi kufika hifadhi ambako waliyakosa.

Februari 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Alikubali dawa kwa miezi michache, halafu akasema inatosha. Oktoba aliomba kupelekwa kuona majani yakigeuka rangi. Dwain na Glenna walimsukuma katika kiti cha magurudumu hadi penye mandhari, ambapo pana ubao mpya unaosema kwamba mbele yako ni pori lisiloguswa na mkono wa mtu. Toka pale unaiona dohani ya Ocie bila hata kutumia darubini. Msichana mmoja mtalii aliomba kumpiga picha.

"Piga, mwanangu," Verlie alisema, "lakini Dwain, nigeuze kwanza. Huo ubao usitokee."

Aliaga dunia nyumbani kwake alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Machi, Burl akiwa amemshika mkono na Glenna akimsomea Zaburi. Usiku uliotangulia aliuliza kama ruhusa imekuja. Aliambiwa ukweli, kwa sababu ndivyo alivyowalea.

Juzi Alhamisi Coy alimwomba Dwain ampeleke hifadhini. Ana miaka tisini na mmoja, na tangu siku ile ya kituo cha basi hakuwa amevunja kiapo chake. Walipofika getini alishusha kioo cha gari mwenyewe.

"Karibu, babu," binti wa getini alisema. "Umekuja kutembea?"

"Nimekuja nyumbani. Kiingilio kiasi gani?"

"Dola nane, babu."

Coy alilipa, akakunja risiti, akaiweka ndani ya Biblia yake. Pale kwenye dohani maua ya manjano yalikuwa yamefunguka pande zote, na familia moja ilikuwa inakula mezani karibu yake. Coy alipapasa mawe mpaka akalipata lile lililokuwa juu ya moto, jeusi kwa moshi wa chakula cha mama yake. Lilikuwa limelegea. Dwain akalibeba hadi garini, wale watu wakimtazama.

Kuondoa jiwe hifadhini hairuhusiwi, tunajua. Kama kuna mtumishi wa hifadhi hapa kanisani, asihangaike kulitafuta. Liko kichwani pa kaburi la Verlie. Burl amelichonga mwenyewe, na herufi zimepinda, lakini zinasomeka: *Verlie, binti wa Ocie.*

Ameacha mume, Burl. Watoto, Dwain na mkewe Rhonda, na Glenna. Wajukuu wanne na vitukuu wawili, ambao wote amewaonyesha lilipo jiwe la bibi yao kilimani. Na kaka yake, Coy, aliyemlipia kiingilio cha mwisho.

Bwana, umpokee mtumishi wako. Apumzike kwa amani huko kwako ambako hakuna geti, na jina la mama yake unalijua bila kuandikiwa.