Makadirio na Wajukuu Wake Wengineo

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, shemeji yake, kazi ya kusoma maisha ya mpendwa wetu, ambaye ofisini, mtaani na hata kwa mkewe aliitwa Makadirio, nami nitayasoma yalivyo, kwani yeye mwenyewe hakupenda takwimu za kupakwa poda.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa, akaanza shule mwaka 1955, akahitimu chuo cha takwimu mwaka 1971, na mwaka huohuo akaajiriwa ofisi ya sensa, kazi yake ikiwa kukadiria kila kabila na kila rangi ya watu itakuwa sehemu gani ya taifa miaka hamsini mbele. Mwaka 1990 alitangaza, bila kupepesa macho, kwamba ifikapo 2040 hakuna kabila litakalofikia nusu ya wananchi, letu likiwemo, halafu akarudi nyumbani akatuonya kwamba taifa na libadilike litakavyo, ila mlangoni kwake hataingia mkwe wa kabila jingine.

Alifunga ndoa tarehe 10 Agosti 1974 na dada yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu. Wa kwanza akaoa mke wa kabila la ng'ambo ya mto, wa pili akaolewa na daktari wa meno ambaye babu zake walikuja kwa meli, na marehemu akameza machungu akisema wawili si mwelekeo. Mwaka 2008 kitinda mimba alipoolewa na fundi bomba, ambaye wazazi wake, babu zake na bibi zake kila mmoja alikuwa na kabila lake, marehemu akasusa harusi, suti yake mpya ikabaki kabatini, akaapa hatakanyaga kwa binti yule, na wajukuu wa watoto wote watatu akawaita Wengineo, jina la safu ya mwisho ya jedwali lake, wanakotupwa wasio na pa kuwekwa. Dada yangu alilia sana miaka ile, nami nilimwambia shemeji waziwazi kwamba mkuki kwa nguruwe.

Mwaka 2016 bomba la jikoni kwake likapasuka, maji yakafika sebuleni, na fundi pekee aliyepatikana Jumapili ile ni mkwe aliyemkataa, akaja na bintiye mdogo, ambaye alipanda kwenye kiti cha babu, akalitazama jedwali ukutani na kuuliza yeye yuko wapi. Marehemu akapitisha kidole safu moja baada ya nyingine, akakuta karibu kila moja ina haki naye, akarudia safu zote tena mpaka bomba likapona. Jumapili iliyofuata alibisha hodi kwa binti yake akiwa na ile suti ya harusi, vifungo vimegoma tumboni.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa, na wodini alikisia kabila la kila muuguzi, akakosea wote, akacheka hadi akakatazwa, kisha akatutoka tarehe 9 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa kitinda mimba.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliovumilia kukisiwa, majirani waliotupikia, na wenzake wa ofisi ya sensa. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, na kwa wasia wake jeneza litabebwa na Wengineo, sisi wengine tufuate nyuma.

Shemeji, umelala na suti ileile, dada yangu ameipanua, na mwaka wako wa 2040 huu hapa umekubeba mabegani. Pumzika kwa amani.