Majibu ya Luna

Ukiiacha barabara kubwa ya Shella na kushika njia ya mchanga iendayo kwenye majumba ya Wataliano, utaona benchi la mbao za mnazi limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la spea. Kila siku, baada ya swala ya alasiri, Mzee Shee huweka hapo jiko lake na dele la kahawa, akapanga vikombe kwenye beseni, na wenye kijiwe huja mmoja mmoja kama kuku wajuao saa ya kulishwa. Yupo Ndirangu, mwenye duka, aliyeshuka kutoka Nyahururu miaka mingi iliyopita na ambaye hapo huitwa Spea. Yupo Dena, bawabu wa nyumba ya Signora, mama mmoja wa Kitaliano, waliyemwita Kamanda kwa ajili ya buti zake. Na yupo Mzee Mwambire, karani mstaafu wa mahakama, aitwaye Bwana Sheria, ingawa yeye mwenyewe hamwiti mtu kwa jina la utani. Chini ya benchi, upande wa Dena, palikuwa na nafasi alipozoea kulala Luna, mbwa jike wa Kijerumani. Luna hakuwapo tena, lakini hakuna aliyethubutu kunyoosha miguu yake pale.

Siku hiyo walikuwa wakingoja majibu. Daktari Damaris, daktari wa mifugo, alikuwa amempigia Dena simu asubuhi kumwambia kwamba maabara ya Ulaya imejibu, na kwamba angemtuma msaidizi wake apite kijiweni jioni awaeleze vizuri.

— Wamekawia, alisema Dena. Nilidhani hawatajibu tena.

— Ni foleni, Kamanda, alisema Ndirangu. Mashine ni moja, na mbwa wa dunia nzima wanaisubiri hiyo hiyo. Lakini mimi sihitaji mashine. Gari likitoka kiwandani na eksili mbovu, jua si hilo peke yake. Yote ya mwaka ule yako hivyo. Bruno na Luna walitoka kiwanda kimoja, siku moja, na rangi moja.

— Mbwa hatoki kiwandani, Ndirangu, alisema Mzee Mwambire.

— Anatoka wapi?

— Kwa mamake.

— Basi mama ndiye kiwanda.

Mzee Shee alitikisa kichwa huku akimimina. Yeye alikuwa mtu wa mji wa kale, mwenye kuogopa najisi. Tangu zamani aliweka jiko lake mbali na pua ya Luna. Hata hivyo hakuna siku aliyosahau kumtupia kipande cha mkate.

— Wahenga walishasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyo Bruno, yakhe, lazima kuna mkubwa alimkaidi.

— Mbwa anaambiwa nini na mkuu, Mzee Shee? aliuliza Ndirangu.

— Si ndiyo sababu miguu imemvunjika? Hakuna aliyemwambia.

Ndirangu alicheka. Dena hakucheka, na Mzee Mwambire alikitazama kikombe chake.

Bruno alikuwa kaka yake Luna, wa uzao mmoja. Signora, kabla ya kurudi kwao Italia moja kwa moja, alimpeleka Bruno kwenye hoteli moja Kikambala akawe mlinzi, na Luna akamwachia Dena awe wake. Mwaka jana Bruno alianza kuyumba nyuma. Kisha akawa anaburura miguu, kucha zikasagika kwenye saruji hadi kutoa damu, na mwisho akawa hawezi kuinuka hata kwenda haja. Dena alikwenda kumwona kabla hajafa. Aliporudi alikaa kwenye benchi lile, na kahawa ikampoa mkononi. Daktari Damaris ndiye aliyesema kwamba ugonjwa ule hurithiwa, na kwamba kuna namna ya kumpima Luna kabla haujaonekana. Alikuja na kijiti chenye pamba, Dena akamshika Luna mdomo, daktari akasugua ndani ya shavu, pamba ikatiwa kwenye kichupa, kichupa kikapanda ndege.

— Mimi shaka yangu ni hayo mate, alisema Mzee Shee. Yamepita juu mawinguni, kwenye baridi. Nilipata kumpelekea shemeji yangu halua Jeddah, ikafika jiwe. Kama halua hubadilika, mate je?

— Mate yaliwekwa kwa kichupa, alisema Ndirangu.

— Na halua ilikuwa koponi. Tena kuna hili. Kamanda ndiye aliyemshika mdomo, na mkono wake ulikuwa na jasho, nilimwona. Mashine itajuaje kipi cha Luna na kipi cha Dena? Pengine majibu yanayokuja ni yake yeye.

— Eti waje wamwambie Kamanda asizae tena, alisema Ndirangu.

— Ana sita tayari.

— Basi kweli wamekawia.

Safari hii hata Dena alitabasamu kidogo. Mzee Mwambire aliona kwamba inampasa kusema neno, kwa kuwa ndiyo ada ya benchi.

— Kisheria, alisema, kitu kikitolewa mahali kikapelekwa pengine, kila aliyekishika hutakiwa kutajwa. Nani alikichukua, nani alikipokea. Pakikosekana jina moja tu katikati, kielelezo hicho hakifai kitu.

— Ndiyo hapo sasa, Bwana Sheria, alisema Ndirangu. Wewe unajua huko Ulaya nani alipokea? Mimi nitawaambia yale mate yanafanya nini. Watu hawataki kusikia. Hawa hawapimi. Wanatengeneza. Ukiwapa mate, wanayaweka kwenye joto, na baada ya miezi kadhaa wanatoa mbwa mwingine, sikio kwa sikio. Saa hii tunavyoongea kuna Luna wa pili Roma, anakula tambi na anaitikia jina lake.

— Anaitikiaje kama hajafundishwa?

— Jina liko ndani ya mate, Mzee Shee. Kila kitu kiko ndani ya mate.

— Akipatikana huyo wa Roma, alisema Dena taratibu, mwambieni Signora aniletee. Nitamchukua.

Ndirangu alijifanya anamtafuta mteja dukani kwake.

Mzee Mwambire alijua anakimbia nini. Ilikuwa ni wakati wa kungoja majibu, siku za joto, Luna alipojikwaa kwenye kizingiti cha geti. Alijikwaa mara moja tu, na kizingiti chenyewe kilikuwa kimeinuka. Lakini Dena alikuja kijiweni amebadilika uso.

— Dalili zimeanza, alisema. Ni vile vile alivyoanza Bruno.

Siku ile kila mtu alikuwa na la kusema. Ndirangu alisema eksili haiponi. Mzee Shee alisema mwenye macho haambiwi tazama, akimaanisha asimtazame kabisa. Dena alimgeukia Mzee Mwambire, kwa sababu ndiye mkubwa wao na neno lake lilikuwa na uzito, na Mzee Mwambire akasema:

— Samaki mmoja akioza, mwanangu, wote wameoza. Usingoje karatasi ya Mzungu ikwambie unachokiona kwa macho.

Palikuwa na dereva mmoja aliyekaa nao benchini siku zile, mtu mkubwa mpole, aliyekuwa akileta mawe ya ujenzi kwa nyumba iliyokuwa ikijengwa upande wa pili wa njia. Walimwita Tani Saba, kwa sababu ya lori lake. Alikuwa akitafuta mbwa wa kulinda mbuzi nyumbani kwao, huko bara ya Ganze au mbele yake zaidi. Alimpenda Luna tangu siku ya kwanza. Kesho yake baada ya neno la Mzee Mwambire, Dena alimkabidhi Luna. Hakuna aliyemwambia habari za Bruno. Hawakupanga kumficha, ilitokea tu kwamba kila mmoja alingoja mwenzake aseme. Nyumba ikafika kwenye paa, mawe hayakuhitajika tena, na lori halikurudi.

Tangu hapo Mzee Mwambire alikuwa na ombi moja ambalo hakumweleza mtu, wala kanisani hakulitamka kwa sauti. Aliomba majibu yaje kwamba Luna ni mgonjwa. Aliona haya kuomba hivyo juu ya kiumbe aliyemlalia miguuni. Lakini akiwa mgonjwa, basi walifanya jambo la huzuni lililokuwa na sababu. Akiwa mzima, wamefanya nini?

Msichana alifika kwa miguu kutoka barabarani, mkoba begani. Aliwatazama mmoja mmoja kama mgeni asiyejua aanzie wapi.

— Shikamooni wazee. Mimi ni Easter, nimeanza kazi kwa Daktari Damaris wiki hii. Natafuta mzee anaitwa Dena.

— Marahaba. Ndiye huyu. Keti, mwanangu, alisema Mzee Shee, akampangusia kikombe.

— Asante, sitakaa. Daktari alitaka kuja mwenyewe, kuna ng'ombe amekwama kuzaa Gede. Alimgeukia Dena, akatabasamu na kuendelea: Ni habari njema. Luna ni mzima. Ile kasoro iliyomuua kaka yake, yeye hana kabisa.

Dena aliweka kikombe chake chini.

— Lakini ni ndugu wa tumbo moja, alisema Ndirangu. Baba mmoja, mama mmoja.

— Ndiyo. Wazazi wote wawili walikuwa wameibeba bila kuugua. Kila mtoto anachukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kila mmoja anachukua yake. Bruno alipata mbaya pande zote mbili. Luna alipata nzuri pande zote mbili. Ni kama nyinyi mkichota kwenye gunia moja gizani. Mikono ni tofauti.

— Alijikwaa, alisema Dena. Nilimwona kwa macho yangu.

— Mbwa hujikwaa, mzee. Hata mimi nimejikwaa hapo kwenye mawe nikija.

Mzee Shee alishika dele lake bila kumimina. Ndirangu alikuna shingo. Msichana aliinama kidogo akatazama chini ya benchi, kisha akatazama upande wa geti la Signora.

— Naweza kumwona? Daktari alisema nimwangalie meno, na chanjo yake imefika.

— Hayuko, alisema Dena.

— Atarudi saa ngapi?

— Nimempa mtu.

— Ooh. Hakuna shida, nitamfuata huko. Amepewa nani?

— Tani Saba, alisema Ndirangu.

— Hilo ni jina la mtu?

— Ni lori lake.

— Na yeye anaitwa nani?

Ndirangu alimtazama Mzee Shee. Mzee Shee alisema kwamba yule bwana alipenda kahawa yenye tangawizi nyingi na hakuwahi kula kashata kwa sababu ya jino. Ndirangu akasema lori lilikuwa la bluu, taa ya kushoto imepasuka, na kwamba yeye mwenyewe alimwuzia fanibelti. Ilikuwa kweli walijua mengi juu yake.

— Namba ya simu je? Kijiji?

— Bara, alisema Ndirangu. Ganze, au mbele yake.

— Fundi wa nyumba ile atakuwa anamjua, alisema Mzee Shee.

— Fundi alikuwa anasimamisha lori lolote la mawe linalopita, alisema Ndirangu. Tena sasa yuko kazi nyingine, Kikambala.

— Nitamfuata huko huko, alisema Dena. Alikuwa amesimama, na buti zake zilikuwa pale pa Luna pasipokanyagwa, wala hakuona. Kisha akageuka, akauliza: Mzee Mwambire, wewe hukosi jina la mtu. Mwaka wa kwanza nilipokuja hapa uliniuliza mpaka jina la babu yangu. Tani Saba ni nani?

Wote wakamtazama. Hata msichana alimtazama, akiwa ametoa kalamu, akingoja. Mzee Mwambire alikuwa ameita majina kwenye mlango wa mahakama kwa muda wa maisha ya mtu mzima, la mwenyewe, la baba na la ukoo, na hakuna mshtakiwa aliyewahi kuingia akiwa na jina pungufu.

— Sikumwuliza, alisema.

— Wewe?

— Sikumwuliza, Dena.

Dena alingoja kidogo, kana kwamba palikuwa na sehemu ya pili ya jibu. Haikuja. Alivuka njia, akaenda kwenye ile nyumba mpya na kuanza kugonga geti, ingawa kila mtu alijua kwamba bado haijahamiwa. Msichana alirudisha kalamu mkobani na kuwaaga kwa heshima. Mzee Shee aliinamisha dele juu ya kikombe cha Mzee Mwambire. Ilitoka kahawa kidogo yenye mashapo, kisha hakikutoka kitu.

Mzee Mwambire alikuwa akiiona tena ile alasiri ya kuondoka kwa lori. Luna amekwisha kupandishwa mbele, kichwa dirishani, anamtafuta Dena, na Dena ameingia ndani ya geti asiangalie. Yule mtu mkubwa alikuja benchini kuaga. Alimpa yeye mkono wa kwanza, kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri. Alisema, “Nashukuru, baba. Nitamtunza. Na msinipotee, nyumbani mimi naitwa…” Na Mzee Mwambire, ambaye hakutaka kuwa na jina la mtu aliyekuwa akipakiwa mbwa mgonjwa bila kujua, aliutoa mkono wake kabla ya wakati.

“Nenda, nenda mwanangu,” alimwambia. “Njia ni mbaya huko, usije ukakutwa na giza.”

Yule mtu akacheka, akapanda lori, akaenda zake na jina lake mdomoni.