Herufi Kubwa za Mkunga

Ndani ya treni, mkunga mstaafu alimwonyesha dada wa kiti cha pili blogu yake mpya. Mwalimu aliyekaa mkabala nao aliinua gazeti, lakini masikio yote yalikuwa kwao.

"Mama, herufi ni kubwa mno," alisema dada. "Zipunguze, picha ikae juu."

"Wasomaji wangu ni wakunga wenzangu, mwanangu. Macho yetu yamechoka."

Dada akasoma habari ya pacha waliozaliwa chini ya paa linalovuja. "Herufi ziache. Ila picha yao iwe juu."

"Chini. Mtu asome kwanza, ndipo awaone wanangu."

Treni ikasimama. Walishuka wakibishana na kucheka. Mwalimu akatoa simu aitafute blogu ile, ndipo alipogundua kwamba hakuna aliyelitaja jina lake.